Kukutanisha ukoo bila kumwacha mtu nyumbani kwa sababu ya pesa: tuzungumze michango na bajeti

#1 Kifungua Mimba (mwenye uzi)

Wakuu, salamu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke alama arudi akitulia.

Miaka sita iliyopita ukoo wetu ulikutana kwa mara ya kwanza tangu babu alipofariki. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kati ya wajukuu, nikakabidhiwa uratibu. Nilifanya kama wengi wanavyofanya: nikafungua kundi la WhatsApp, nikapendekeza tarehe, nikapiga hesabu ya haraka, nikagawanya kwa kaya 14 na kutangaza kiwango kimoja kwa wote. Tarehe ya mwisho ilipopita, kaya 6 tu zilikuwa zimelipa. Nikaanza kubandika orodha kundini kila Jumapili jioni: waliolipa juu, wasiolipa chini. Pesa zikaanza kuingia, nikaamini nimepata dawa.

Mkutano ulifanyika, watu walicheka, picha zikapigwa. Shangazi yetu mdogo hakuja. Alisema mguu unamsumbua. Miezi minne baadaye binti yake aliniambia ukweli: mguu haukuwa na tatizo lolote. Shangazi aliona jina lake chini ya ile orodha Jumapili tatu mfululizo, mbele ya watoto aliowabeba mgongoni, akaamua asije. Orodha ile niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo nimeratibu mikutano mingine miwili, na jambo ninalolisimamia ni hili: bajeti ya kukutanisha ukoo ianze kupigwa kutoka kwa kaya yenye uwezo mdogo kuliko zote. Tukianza na ndoto ya mwenye nacho, tukagawanya, tukaishia kumdai asiye nacho, tutapata sherehe nzuri yenye viti vitupu, na wanaokosekana watakuwa wale wale kila mara.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya tarehe na kabla ya ukumbi, kila kaya inapigiwa simu na mtu mmoja tu, faraghani. Anauliza mambo manne. Mnaweza kuweka kiasi gani kila mwezi bila kukopa na bila kugusa ada za watoto? Mtakuja wangapi, na wana umri gani? Nauli ya kutoka mliko ni kiasi gani kwa makadirio? Na siku zipi kazini au shuleni haiwezekani kabisa kutoka? Majibu yanabaki kwa wawili, mpigaji simu na mweka hazina. Yakishakusanyika ndipo tunajua mkutano wetu ni wa siku moja au tatu, wa kulala kwenye nyumba za ndugu au wa kukodi vyumba.

Sehemu ya pili ni kuelewa tabia ya gharama zenyewe, maana hapa ndipo waratibu wengi wanapoumia. Kuna gharama ambazo hazijali mmekuja wangapi: ukumbi, maturubai, spika, basi la pamoja. Nyingine zinafuata vichwa: chakula, vitanda, maji ya kunywa. Tuchukulie bajeti nzima ni mafungu 100 kwa watu 60, ambapo 40 ni za aina ya kwanza na 60 ni za vichwa, yaani fungu moja kwa kila mtu. Kila mmoja anabeba fungu 1.67. Sasa watu 20 wakaghairi. Za vichwa zinashuka hadi 40, lakini zile 40 nyingine zipo palepale. Jumla 80 kwa watu 40, kila mtu mafungu 2. Waliobaki wameongezewa moja ya tano ya mchango wao bila kosa lolote. Kama bajeti yote ingekuwa ukumbi na basi, wangeongezewa nusu nzima.

Ndiyo maana napunguza kwa nguvu gharama zisizobadilika, na kiwango cha mchango nakipiga kwa robo tatu ya watu waliosema watakuja. Wakija wote, kinachozidi kinarudi kwao au kinaboresha chakula. Ila kumwambia mtu wiki mbili kabla kwamba aongeze, hiyo hapana.

Karibuni tujadili. Najua kuna wenye uzoefu kunishinda.

---

#2 Kitinda Mimba

Mkuu umenigusa. Kwetu hatujawahi kuumiza kichwa hivi, kaka yetu mkubwa ana uwezo na analipa karibu kila kitu. Sisi tunakuja na nguo zetu. Mara mbili tumekutana hivyo na mambo yamekwenda vizuri. Kwa nini nyie msitafute mwenye uwezo mmoja akabeba?

---

#3 Kifungua Mimba

Kitinda Mimba, Mungu ambariki kaka yenu, moyo huo ni adimu. Nitakuomba tu ufikirie mambo mawili. La kwanza, siku biashara yake ikiyumba, hakuna kati yenu aliyezoea kuchangia, wala hakuna anayejua bei ya ukumbi. Mtaanza kutoka sifuri wakati yeye mwenyewe ana aibu ya kusema hana. La pili linaumiza zaidi: anayelipa kila kitu huishia kuamua kila kitu, hata kama hataki. Tarehe inakuwa inayomfaa yeye, mahali panakuwa anapopenda yeye, na aliye na wazo tofauti anameza.

Sisi tuna mjomba mwenye uwezo kama huo. Tulimwomba abebe kitu kimoja chenye jina, ukumbi. Hapo kapunguza zile gharama zisizobadilika kwa wote. Vichwa tunajilipia wenyewe, kila kaya kwa kadiri yake. Mjomba mwenyewe alisema alipumua. Kumbe miaka yote alikuwa anaogopa kupokea simu za ndugu.

---

#4 Mtunza Daftari

Nimetunza hesabu za vikundi kwa zaidi ya miaka 20, naomba niongeze kwenye upande wa usalama wa pesa, kwa sababu ndugu wengi waliokosana hawakukosana kwa wizi. Walikosana kwa kukosa kumbukumbu.

Kazi tatu zisikae kwenye mikono ya mtu mmoja: anayeshika pesa, anayeidhinisha malipo, na anayeandika. Mkiweza fungueni akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu, ambapo wawili wakitia saini pesa inatoka. Watia saini watoke matawi tofauti ya ukoo, si baba na wanawe wawili. Mchango ukipokelewa kwa simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani, pesa ile inachanganyika na ya nyumbani kwake. Siku mtoto anaugua usiku atachomoa humo akiamini atarudisha kesho. Sisemi kwa kumshuku mtu. Nimeona watu wema wakiharibikiwa hivi.

Kila malipo yawe na risiti, ipigwe picha siku hiyo hiyo, maana karatasi za risiti nyingi hufifia hadi zinakuwa nyeupe. Kila risiti ipewe namba inayofanana na mstari wake kwenye daftari. Mwisho wa mwezi toa taarifa ya mistari minne: tulianza na ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Hata mwezi ambao hakukuwa na kitu, toa. Ukimya wa mweka hazina ndio unaozaa maneno.

Na pesa ya mkutano isikopeshwe. Itatokea shida, mtu ana dharura ya kweli, na kila mmoja atasema "si ipo tu imekaa." Kama mnataka mfuko wa kusaidiana, fungueni mwingine wenye jina lake na taratibu zake.

---

#5 Mpenda Mahesabu

Mtunza Daftari umemaliza. Ila mimi na mwenye uzi tunatofautiana kwenye suala la orodha. Pole kwa shangazi, lakini bila orodha ya majina hakuna atakayelipa. Nimeratibu ukoo wa kaya 22. Tulipoficha majina tulikusanya chini ya nusu. Uwazi ni uwazi, anayelipa ana haki ya kujua nani hajalipa, maana yeye ndiye anayembeba.

---

#6 Kifungua Mimba

Mkuu, hoja yako nina heshima nayo kwa sababu nami niliiamini. Lakini tutenganishe kujua pesa ilipo na kujua mfuko wa jirani yako. La kwanza ni haki ya kila mchangiaji. La pili si haki ya mtu.

Tunachofanya sasa ni ahadi. Kila kaya inaahidi kiasi chake kwa mweka hazina, kutokana na ile simu ya faragha. Wengine wanaahidi mara mbili ya kiwango, wengine robo. Kundini tunatangaza hivi: "Ahadi zote zinatosheleza bajeti. Hadi leo kaya 9 kati ya 14 ziko sawa na ahadi zao." Hakuna jina, hakuna kiasi. Aliye nyuma anajijua, na anapigiwa simu yeye peke yake. Mkaguzi mmoja kutoka tawi jingine anaona daftari lote ili mweka hazina asije akawapendelea wa kwake.

Mkutano wa tatu kaya 12 zilikamilisha miezi miwili kabla. Moja ilikamilisha wiki ya mwisho. Ya 14 ilipata msiba, tukaifutia, na hakuna aliyeulizwa chochote. Labda kwenu ni tofauti, sikatai. Ila jiulize wale waliolipa kwa kuogopa orodha walilipa kutoka wapi. Wawili kati ya ndugu zangu waliniambia baadaye kwamba walikopa kwa riba.

---

#7 Mpenda Mahesabu

Hilo la kukopa sikulifikiria. Nitawauliza wangu kimyakimya.

Basi niongeze kwenye mambo ambayo naamini tunakubaliana. Muda. Watu wanaanza miezi mitatu kabla halafu wanashangaa mchango mkubwa. Anzeni miezi 18 kabla, na mgawanye kwa 15, si kwa 18. Miezi mitatu ya mwisho ni ya waliochelewa na ya malipo makubwa. Mchango wa mafungu 30 ukitolewa ndani ya miezi mitatu ni 10 kila mwezi, ndani ya miezi 15 ni 2 tu. Mtu yule yule asiyeweza 10 anaweza 2, na hakuna aliyemwonea huruma wala kumdhalilisha.

Malipo ya awali ya ukumbi: yalipwe kutoka kwenye pesa iliyokwisha kuingia, kamwe si kwa ahadi. Na kabla ya kulipa soma mkataba sehemu tatu. Tukighairi, kipi kinarudi na hadi tarehe gani? Idadi kamili ya watu inatakiwa lini, na baada ya hapo tukipungua tunalipia waliopungua? Kuna nini nje ya bei, kama vile usafi, walinzi, umeme, saa za ziada? Ndugu zangu wa karibu walipoteza malipo yote ya awali kwa kuhamisha tarehe wiki moja mbele. Mkataba ulikuwa umeandika wazi, hakuna aliyeusoma.

Na tengeni fungu la dharura. Mimi huweka sehemu moja ya kumi ya bajeti nzima, wala haiguswi kwa mapambo.

---

#8 Niko Mbali

Naandika nikiwa nchi nyingine, miaka 11 sasa. Naomba wanaokaa mbali tusikilizwe pia, maana huwa tunaonekana ni mfuko wa ukoo.

Mchango wangu wa mkutano uliopita ulikuwa sawa na wa wengine. Lakini nauli yangu, mke wangu na watoto wawili ilikuwa mara nyingi kuliko mchango wenyewe. Nikifika nasikia "nyie wa nje mnaweza." Tuliokuwa tunakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya tiketi zile tunajua wenyewe.

Vitu vidogo vya kusaidia. Kutuma pesa kuvuka mipaka kuna makato. Umoja wa Mataifa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 makato ya mhamiaji kutuma pesa nyumbani yawe chini ya asilimia 3, na bado njia nyingi ziko juu ya hapo. Pale ambapo makato yana kiwango cha chini kisichobadilika, kutuma kidogo kila mwezi kunakula pesa bure. Mimi natuma mara moja kila miezi mitatu. Pia linganisha kiasi kitakachopokelewa kule mwisho badala ya kuangalia makato yaliyoandikwa tu, maana sehemu ya gharama hufichwa kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Na ahadi zipangwe kwa fedha ya mahali mkutano utakapofanyika, la sivyo thamani ikiyumba mweka hazina atajikuta na upungufu usio na mwenyewe.

Tiketi: mtoto asiyefika miaka 2 akikaa mapajani kwenye safari nyingi za kimataifa hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akivuka miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, hesabu inabadilika, kwa hiyo angalieni tarehe ya kuzaliwa mnapochagua tarehe ya mkutano. Na pasipoti zikaguliwe mapema, nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Familia nzima inaweza kurudishwa uwanjani na pesa yote ya ukumbi imeshalipwa.

Ombi langu kwa mwenye uzi: nauli ziingizwe kwenye hesabu ya pamoja. Tuziite kapu la nauli.

---

#9 Kifungua Mimba

Niko Mbali, asante kwa kulisema kwa upole. Kwetu kapu la nauli lilizua ubishi mrefu kuliko mambo yote, kwa hiyo nitaeleza tulivyofika.

Chukua kaya tatu. Nauli zao ni mafungu 2, 4 na 12. Jumla 18, wastani 6. Ukitaka usawa kamili, wa kwanza anaweka 4 kapuni, wa pili 2, na wa tatu anapokea 6, wote wanakuwa wametumia 6. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini vipi kama yule mwenye nauli ya 2 ndiye shangazi yangu, na mwenye nauli ya 12 ana mshahara mzuri kuliko sisi wote? Umbali na uwezo ni vitu viwili.

Tukakubaliana nusu. Kapu linasawazisha nusu ya tofauti tu, na kaya ambazo kwenye ile simu zilionyesha hali ngumu hazitoi kapuni kabisa. Kwa mfano ule, wa kwanza angeweka 2, wa pili 1, wa tatu angepokea 3. Wa kwanza akiwa na hali ngumu haweki kitu, wa tatu anapokea 1 tu. Halafu mahali panazunguka. Mara hii tukikutana karibu na tawi la mama mkubwa, mara ijayo tunasogea upande mwingine. Kwa miaka, mzunguko unasawazisha mengi kuliko kapu.

Na kuhusu neno "nyie wa nje mnaweza", nimelikomesha kwetu. Mtu akilisema kundini, mimi au dada yangu tunajibu hapo hapo.

---

#10 Mama Mapacha

Mmezungumza kaya, kaya, kaya. Kaya yangu ina watoto watano. Ya mdogo wangu ni yeye peke yake. Kiwango kimoja kwa kaya kinamwonea yeye, kiwango kimoja kwa kichwa kinaniua mimi. Kwetu tumegawanya kwa umri: chini ya miaka 3 bure, miaka 3 hadi 11 nusu, kuanzia 12 kamili, kwa sababu kijana wa miaka 13 anakula kumshinda baba yake. Malazi tunahesabu kwa vitanda. Mtoto anayelala na mama yake hana kitanda, halipi kitanda.

Lakini nilichokuja kusema hasa ni hiki. Mkiandika "tutapika wenyewe tuokoe pesa", andikeni na majina ya watakaopika. Kwenye mkutano wetu wa kwanza tuliokoa pesa nyingi kweli. Aliyeilipa ni mimi, dada zangu wawili na wake wa kaka zetu. Tuliamka alfajiri siku tatu, tukalala wa mwisho siku tatu. Baba mkubwa alisimulia historia ya ukoo jioni ya pili. Kila mtu anaisimulia mpaka leo. Mimi sikuisikia, nilikuwa naosha masufuria. Mwaka uliofuata baba mkubwa alifariki.

Kwa hiyo kazi ihesabiwe kama pesa. Kama bajeti hairuhusu wapishi wa kukodi siku zote, wakodiwe kwa ile siku kuu, na siku nyingine zamu zigawanywe kwa matawi, wanaume wakiwemo, majina ukutani. Na anayepika kwa wengi azingatie usalama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri watu kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au kiwe kwenye ubaridi chini ya nyuzi 5. Hotuba zikirefuka chakula ndicho kinachosubiri. Kupeleka ndugu 30 hospitali kwa tumbo ni gharama ambayo sijaiona kwenye bajeti ya mtu yeyote humu.

---

#11 Mtunza Daftari

Mama Mapacha, hili la kazi ningependa kila mratibu alisome mara mbili. Katika miaka yangu yote ya hesabu sikuwahi kuweka mstari wa masaa ya jikoni. Nitauweka.

---

#12 Kitinda Mimba

Nimekaa kimya nikisoma. Nimempigia kaka jana usiku. Nilimuuliza moja kwa moja kama mzigo unamlemea. Alinyamaza muda, kisha akasema mkutano ujao alikuwa anafikiria kuuahirisha kwa sababu hana namna. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tumeanza kupigiana simu leo kama mwenye uzi alivyoeleza. Maswali mawili: mtu akilipa halafu akashindwa kuja, anarudishiwa? Na vitu kama fulana na mpiga picha vinaingia kwenye mchango?

---

#13 Kifungua Mimba

Umefanya jambo kubwa sana kumpigia.

Kurudisha pesa: andikeni kanuni kabla senti ya kwanza haijaingia, wakati hakuna mwenye hasira. Kwetu ni hivi. Ukijitoa kabla ya tarehe ya kutaja idadi kamili, unarudishiwa chote. Ukijitoa baada ya hapo, unarudishiwa kile ambacho hakijalipwa kwa watoa huduma, yaani kawaida sehemu ya chakula, lakini ukumbi umeshakwenda. Ukipata msiba, ugonjwa au ukipoteza kazi, unarudishiwa chote kutoka fungu la dharura, bila kuleta barua wala ushahidi. Binamu mmoja aliogopa watu watatumia vibaya. Hadi sasa hakuna aliyetumia vibaya.

Fulana na mpiga picha vikae nje ya mchango wa msingi. Mchango wa msingi ni kulala, kula, na mahali pa kukaa pamoja. Fulana anayeitaka anaagiza na kulipa kabla ya kushonwa, na tusiipige picha ya ukoo kwa namna ambayo asiye na fulana atajulikana. Mara ya pili tulikosea hapo: tuliwapanga wenye fulana mbele. Picha ile siiweki ukutani kwangu. Mpiga picha, wajukuu wawili wenye simu nzuri waliifanya kazi hiyo vizuri, na kilichookolewa tukakiweka kwenye usafiri wa wazee.

Wazee hawalipi kwetu, kuanzia miaka 70. Ila nao waulizwe, wengine wanapenda kutoa. Kumzuia mzee asitoe alichonacho ni namna nyingine ya kumwambia hahesabiki.

---

#14 Niko Mbali

Mkuu, na yule shangazi? Alirudi?

---

#15 Kifungua Mimba

Nilijua swali hili litakuja, na ameniruhusu nijibu.

Baada ya binti yake kuniambia, nilikaa wiki mbili nikiona aibu, kisha nikaenda kwake. Nilimwomba radhi. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ungeniuliza ninacho ngapi, ningekuficha?" Ile simu ya faragha ninayowaeleza humu ilizaliwa kwenye swali hilo.

Mkutano wa pili aliahidi kiasi kidogo kuliko wote. Alikileta kila mwezi kwa miezi 15, hakuruka hata mmoja, na mara nyingi alikuwa wa kwanza. Kabla ya wale wenye mishahara. Kundini hakuna aliyejua zaidi ya kwamba kaya yake iko sawa na ahadi. Alikuja siku moja kabla ya wote, akakagua vitanda kimoja kimoja.

Kwenye mkutano wa tatu, asubuhi ya mwisho kabla watu hawajafunga mizigo, tulisoma hesabu kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ilibaki akiba ya kutosha malipo ya awali ya mkutano ujao, watu wakapiga makofi. Kisha tukachagua wasimamizi wapya, kwa sababu mratibu asikae milele. Mkaguzi alipotakiwa, mama mdogo alimtaja yeye, na wote wakakubali kabla hajamaliza kukataa.

Daftari liko kwake sasa. Juzi alinipigia saa moja asubuhi kuniuliza risiti namba 27 ya viti iko wapi, kwa sababu kwenye daftari ipo na kwenye bahasha haipo. Natafuta tangu juzi. Nikiipata nampelekea mwenyewe, maana amekataa picha, anataka karatasi.